Dereva hajagonga mtu mwaka mzima, haya, tumempima nini?

Asanteni, asanteni, kaeni tu. Najua baadhi yenu mmetoka zamu ya usiku moja kwa moja mpaka hapa ukumbini, kwa hiyo salamu ndefu naziacha naingia kwenye jambo lenyewe. Ofisi nyingi za mabasi ukiingia utakuta picha ukutani, dereva bora wa mwaka, na ukiuliza kachaguliwaje jibu ni moja, hajapata ajali. Hajagonga, hajagongwa, kapewa cheti na mkono kapewa. Sasa wenzangu nawauliza, huyo dereva tumempima nini hasa?

Mimi nimeshika usukani miaka 14, na huu ni mwaka wa 9 napanda mabasi ya wenzangu na karatasi mkononi naangalia wanavyoendesha. Na kitu ambacho nakitaka kiwaingie leo ni hiki, ajali inatokea mara chache sana ukilinganisha na safari tunazopiga, na inachelewa kuja. Dereva anaweza kuovateki kwenye kona ile ile miaka miwili mizima na kila siku anapita salama, halafu siku moja kwenye kona kuna lori. Ukimpima kwa ajali basi miaka miwili yote ulikuwa unamwambia hongera. Na kinyume chake pia, dereva makini kabisa kasimama kwenye taa nyekundu anagongwa nyuma na mtu mwingine, jina lake linaingia kwenye daftari la ajali na bonasi anakosa.

Cheti hicho hata mimi nilipewa, na nimekitunza. Mwaka ule ule niliopewa nilisinzia kwenye usukani. Ilikuwa kama saa tisa usiku, barabara imenyooka, abiria wote wamelala, na kilichoniamsha ni kokoto, kokoto zinagonga chini ya basi kwa sababu tairi za pembeni zilishatoka kwenye lami. Nikarudisha taratibu (bahati yangu sikukata usukani kwa nguvu, basi refu ukilikata ghafla kwenye spidi ile linalala), nikasimama mbele kidogo, nikashuka nikamwaga maji kichwani, miguu inatetemeka. Hakuna abiria aliyejua. Asubuhi nilipofika nikaandika kwenye kitabu cha safari maneno mawili, safari njema. Mpaka leo nikikumbuka yale maneno mawili roho inaniuma, maana kama ofisi ingekuwa na njia ya kulijua lile tukio bila kunifukuza, wangeangalia zamu yangu na wangekuta nilikuwa siku ya sita mfululizo usiku.

Kwa hiyo kama sio ajali, tuangalie nini? Tuangalie yale madogo yanayojirudia kila safari. Nikipanda basi huwa nakaa kiti cha pili nyuma ya mlango, pale naona mguu wa dereva, naona macho yake kwenye kioo cha juu, na naona mlango. Jambo la kwanza kabisa ninaloangalia wengi hawalitegemei, naangalia mikono ya abiria waliosimama. Dereva akiwa laini utakuta mtu kashika bomba kwa vidole viwili, mkono mwingine ana simu anachati, mama kamwegesha mtoto begani hata hajashika popote. Dereva akiwa mkali kila mtu kang'ang'ania bomba mpaka vifundo vya vidole vimebadilika rangi, na hawajui kama wamefanya hivyo, mwili umeshajifunza wenyewe ndani ya vituo vitatu tu kwamba hapa usiachie. Mikono ile inasema ukweli kuliko fomu yoyote niliyowahi kujaza.

Halafu naangalia basi linavyoondoka kituoni. Kuna siku aliingia bibi mmoja na fimbo, mkono mmoja fimbo mkono mwingine kikapu, kapanda ngazi ya kwanza, ya pili, kafika kwenye korido, na dereva kamuona kabisa kwenye kioo maana nilimuona anamtazama, lakini mlango ulipofunga tu mguu ukaenda kwenye mafuta. Bibi akarudi nyuma hatua tatu za haraka haraka, kijana mmoja akamdaka mgongoni. Hakuanguka. Kikapu ndio kilimwagika. Kwenye daftari la kampuni safari hiyo haina tatizo lolote, lakini mwenye macho ameona kila kitu. Na hili msilichukulie dogo, kwenye mabasi ya mijini sehemu kubwa ya watu wanaoumia haitokani na basi kugongana na chochote, wanaumia humo humo ndani, breki ya ghafla, kuondoka kwa kushtukiza, mlango kufungwa haraka, na wanaoumia zaidi ni wazee, hasa kina mama wa makamo na kuendelea. Sekunde nne za kusubiri bibi akae, ndio kipimo hicho. Dereva anasubiri au hasubiri.

Umbali na gari la mbele nao naupima kwa kuhesabu tu. Gari la mbele likipita nguzo naanza kuhesabu polepole mpaka sisi tufike kwenye nguzo hiyo, kwa basi lililojaa ukinipa sekunde tatu nne nakaa vizuri, mvua ikinyesha nataka zaidi, ukinipa moja naandika. Kwa nini nang'ang'ania hesabu hizi, ni kwa sababu kwenye spidi ya 80 kwa saa basi linakula mita 22 kila sekunde. Basi la kawaida lina urefu wa kama mita 12, kwa hiyo ukishtuka kwa sekunde moja tu, mguu bado haujagusa breki, umeshapita karibu mabasi mawili. Na yule anayeshusha macho kwenye simu sekunde tano aone nani kamtumia meseji, amepita mita 111 bila kuangalia, uwanja mzima wa mpira na zaidi, na nyuma yake kuna watu hamsini.

Spidi pia watu wanaichukulia kirahisi, utasikia aah, tofauti ya ishirini tu hiyo. Nguvu ya mgongano haipandi kama spidi inavyopanda, inapanda kwa spidi kuzidisha yenyewe, kwa hiyo ukitoka 50 ukaenda 70 ile nguvu inakaribia kuwa mara mbili. Shirika la Afya Duniani linasema spidi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa kama asilimia 4. Hiyo ndio sababu nikikuta dereva kila siku yuko juu kidogo tu ya alama, kidogo tu, mi sijali kwamba hajawahi kugonga.

Sasa kuna jambo limenisaidia sana kwenye kazi hii na nataka mabosi mlisikie vizuri. Mwaka 1990 profesa James Reason na wenzake pale Manchester Uingereza walitoa utafiti, wakatengeneza maswali 50 kuwauliza madereva mambo wanayofanya barabarani, na majibu walipoyachambua wakakuta makosa hayatoki kwenye fungu moja. Kuna kupitiwa na kukosea, yani akili imeteleza, ulitaka kuwasha indiketa ukawasha waipa, hukumuona mtu wa baiskeli, umekadiria vibaya. Na kuna kuvunja sheria kwa makusudi, unajua kabisa hapa haruhusiwi mtu kuovateki na unaovateki. Wakasema haya mawili yana mizizi tofauti. Na sisi huku tunayatibu kwa dawa moja! Dereva yeyote akikosea anaitwa ofisini, anafokewa, anapelekwa semina ya siku mbili. Yule aliyepitiwa kwa sababu kachoka, semina itamsaidia nini, anahitaji kulala. Yule anayevunja kwa makusudi, semina ya alama za barabarani itamsaidia nini, alama anazijua kuliko mwalimu, huyo inabidi ujue nani au nini kinamfanya aone kuvunja ndio kuna faida. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu siandiki tu "kosa", pembeni naandika kapitiwa au kakusudia, na pale nisipojua namuuliza mwenyewe tukifika, kwa heshima, sio mbele ya abiria.

Siku hizi kuna vifaa. Basi linafungwa kidude kinachotambua breki kali, kuondoka kwa nguvu, kona iliyokatwa kwa kasi, na mwisho wa wiki kila dereva anapata maksi zake kwenye kompyuta. Mimi navipenda hivyo vifaa, navipenda kwa sababu havina undugu na mtu na havichoki. Lakini kifaa kinajua breki imekanyagwa kwa nguvu, hakijui mbele kulikuwa na nini. Mtoto kakatiza, dereva kamuokoa, kifaa kinamkata maksi. Ndio maana tukio moja mimi silifanyii chochote, naangalia wiki nne tano, naangalia ni mara ngapi kwa kila kilomita 100 na sio mara ngapi kwa jumla, maana anayeendesha zaidi lazima awe na nyingi zaidi, na namlinganisha na wenzake wa njia hiyo hiyo na saa hizo hizo. Huwezi kumlinganisha wa katikati ya mji saa za asubuhi na wa barabara kuu usiku. Tulikuwa na dereva mmoja kila wiki ndio wa mwisho, maksi mbaya kupita wote, na walishaandaa barua ya kumsimamisha. Nikasema subirini kwanza nipande naye. Nikapanda siku tatu. Breki zote kali zilikuwa sehemu moja, kituo kimewekwa hatua chache tu baada ya kona, ukitoka kwenye kona abiria wameshajaa mpaka barabarani, na zamu yake ndio ilikuwa inapita pale shule zikifungua. Wenzake wa zamu nyingine walikuwa wanapita pale pakiwa patupu. Kituo kikasogezwa. Maksi zake zikapanda mwezi uliofuata bila mtu kumfundisha kitu. Barua ile ingekuwa imeshatoka tungepoteza mtu mzuri na tatizo lingebaki palepale likimsubiri mwingine.

Na hapo nafika kwenye sehemu ambayo wengine hamtaipenda, naomba mnivumilie. Ukimpima dereva lazima umpime na aliyempangia. Mimi kabla sijapanda basi naomba karatasi mbili, ratiba na orodha ya zamu. Ratiba inasema safari ni dakika 42. Napanda mara kumi, inatumia dakika 50 na kitu, mara nyingine saa nzima. Zile dakika zilizopungua zinatoka wapi? Zinatoka kwenye spidi, zinatoka kwenye ule muda wa kumsubiri bibi akae, zinatoka kwenye mapumziko ya mwisho wa njia, na nisifiche, zinatoka kwenye choo, kuna madereva hawanywi maji kutwa nzima kwa sababu wakinywa hawana pa kusimama. Halafu tunakuja na fomu tunaandika dereva ana haraka. Haraka si yake jamani.

Usingizi ndio kabisa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu akikaa macho saa 17 mfululizo uwezo wake unashuka mpaka kulingana na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi kwa kiwango hicho unakamatwa. Hesabu wewe mwenyewe, dereva kaamka saa kumi alfajiri kuwahi basi la kwanza, saa tatu usiku yuko bado kwenye usukani anamalizia safari ya mwisho. Hizo ni saa 17. Hajanywa hata tone na tunamuona mtu mstaarabu, lakini abiria wake wanaendeshwa na mtu aliye sawa na mlevi. Na msidhani hili ni la wachache au la nchi maskini, London kwenyewe chuo cha Loughborough kiliwauliza madereva wa mabasi, matokeo yakatoka 2019, asilimia 21 walisema wanapigana na usingizi angalau mara mbili tatu kwa wiki, na asilimia 17 walikiri walishawahi kusinzia kabisa wakiendesha ndani ya miezi 12 iliyopita. Ulaya wana sheria namba 561 ya mwaka 2006, basi la safari ndefu dereva akishaendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45 ndio aendelee, na kwa siku asizidi saa 9, mara mbili tu kwa wiki anaweza kufika 10, na kuna mashine ndani ya basi inarekodi yote hayo. Sheria hiyo mi naiona ni kipimo cha kampuni kuliko kipimo cha dereva, maana inamuuliza bosi, huyu mtu ulimpa nafasi ya kulala au hukumpa.

Na malipo. Dereva anayelipwa kwa vichwa vya abiria atagombania abiria, hiyo haihitaji profesa. Santiago, mji mkuu wa Chile, walikuwa na mfumo wa hivyo, madereva walikuwa wanakimbizana barabarani wawahi kituo kabla ya mwenzao, na kabla ya kuingia mfumo wao mpya mwaka 2007 wachumi walilinganisha njia zilizolipa kwa abiria na njia zilizolipa mshahara wa kudumu, wakakuta wale wa mshahara wana ajali chache zaidi kwa kila kilomita. Niseme na upande wa pili maana ni haki, walikuta pia abiria wa njia za mshahara wanasubiri basi muda mrefu kidogo, kwa sababu dereva hana presha ya kujipanga vizuri na mwenzake. Kwa hiyo ukibadilisha malipo lazima uwe na mtu wa kupanga mabasi yasifuatane. Lakini kati ya kusubiri dakika chache na kuvunjwa mbavu mi nimeshachagua.

Abiria nao nisiwasahau, naona wawakilishi wao wako pale nyuma. Nyie ndio wapimaji wengi kuliko wote na hamlipwi. Tabu ni kwamba abiria mmoja akisema "dereva punguza mwendo" anajiona mkorofi, wengine wananyamaza, kondakta anamjibu mbovu, basi kimya. Kenya kulifanyika jaribio, utafiti wake ukachapishwa 2011, walibandika stika tu ndani ya matatu, stika zinawaambia abiria wapaze sauti dereva akiendesha vibaya, na magari yaliyopewa stika madai yao ya bima yakashuka kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Stika! Mi nilivyosoma hiyo nilirudia mara mbili. Hakuna mashine wala kamera, ni mtu kupewa ruhusa ya kusema na kujua wa pembeni yake naye kasoma maneno yale yale. Kwa hiyo madereva wenzangu abiria akisema punguza, usimjibu, punguza. Na kondakta ndio kabisa, wewe ndio uwe wa kwanza kusema.

Kitu cha mwisho kabla sijashuka, madereva hawatasema ukweli kama ukweli unawafukuzisha kazi. Mimi sikusema. Niliandika safari njema. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani na nilijua wazi kwamba nikiandika nilisinzia kesho yake usukani anao mtu mwingine. Kwa hiyo tumekubaliana na uongozi, na wamesaini mbele ya chama cha madereva, kuanzia zamu ya kwanza ya kesho kitabu cha safari kina safu mpya ya matukio yaliyokosa kidogo tu kuwa ajali, ulisinzia, breki iligoma kidogo, ulimkosakosa mtu, mlango ulimbana mtu mkono, unaandika bila jina, karatasi unaikata unaitumbukiza kwenye boksi lililoko karibu na mlango wa karakana. Atakayefungua boksi ni watu watatu, mmoja kutoka kwa madereva, mmoja ofisini, na mimi. Mlevi hatalindwa na boksi hilo, wala anayekimbizana makusudi, tumelisema hilo wazi na limeandikwa. Lakini aliyechoka atalindwa.

Boksi tumelifunga jana jioni, tayari kuna karatasi moja ndani. Hiyo ni yangu. Nimeandika saa tisa usiku, barabara imenyooka, tairi zilitoka kwenye lami, dereva alikuwa siku ya sita ya zamu za usiku. Tarehe nimeiweka ile ile ya wakati ule. Sasa kama kuna maswali nayapokea, tuanze na yule mzee aliyenyoosha mkono toka nilipotaja choo.